Kilio cha Mutwanga

Wageni wa shirika walipofika Butembo kuuliza siri ya mafanikio ya kituo cha ufundi, mkurugenzi Stanislas aliwaonyesha misumeno na cherehani. Agar, mama wa bweni, alicheka kimoyomoyo. Misumeno ilikuwepo tangu mwanzo, lakini zamani vijana walikuwa wakilala mjini, na kila Jumatatu walipungua: huyu kachukuliwa na wenye bunduki, yule kafuata dhahabu. Walianza kumaliza masomo pale tu kituo kilipowapa vitanda, uji wa asubuhi na lango ambalo Agar alishika ufunguo wake. Hakuna kutoka kabla ya mtihani. Vita vilikuwa katika mwaka wa tatu, na kwa sheria hiyo watu walimwita mchawi. Hakujali.

Aliyempenda kuliko wote, wala hakuona haya, ni Mathe. Alikuwa amewatoroka wapiganaji wa msituni, na miezi ya kwanza alilala chini ya kitanda. Sasa alitengeneza viti visivyoyumba. Ilibaki wiki moja kabla ya mtihani, na fundi mmoja wa Lubero alikuwa tayari kumchukua, mbali na wale waliomtafuta.

Ndipo akaja Vagheni, baba yake mdogo, kutoka Mutwanga, kichwa kimenyolewa, macho mekundu.

"Mama Agar, baba ya huyu mutoto amekufa. Maiti iko nyumbani. Ye ndiye mukubwa, hatuwezi kumuzika bila ye."

"Mais, baba, sheria ya internat, ya bweni hili, unaijua. Bakitoka, habarudiake."

"Siku mbili tu. Ao unataka batu baseme mutoto aliachia bengine bazike baba yake?"

Hapo Agar alibanwa. Kwao, mtoto wa kwanza asiyetupa udongo kwenye kaburi la babake husemwa hadi uzeeni. Na nani angetamka kifo cha ndugu yake wa tumbo moja kama si kweli? Jambo hilo watu huogopa hata kulitania. Mathe alikuwa akilia kimya, randa bado mkononi. Agar akamfungia mkate, akafungua lango.

Siku mbili zikapita, kisha wiki. Mtihani ukafanyika bila Mathe. Agar alijidanganya kwamba kilio kimerefuka, au barabara ya Beni imefungwa, ila moyo ulikataa.

Jumapili, mzee mwenye vumbi hadi magotini alisimama langoni na kikapu cha maharage.

"Niko baba ya Mathe. Vagheni alisemaka munakataza bazazi kuja mbele ya examen. Donc nilingoja iishe. Nimekuja kushukuru mwenye anamulinda."

Kwa dakika moja Agar alitamani mtu huyu awe maiti kweli, kisha akaona aibu kwa kutamani hivyo. Akamweleza yote bila kujitetea, hata mkate.

Mzee alikisikiliza kisa mpaka mwisho, akaketi chini palepale kwenye vumbi.

"Wale ba ku pori, wenye bunduki, walipita kwetu," alisema. "Walimwambia Vagheni atoe kijana mumoja, ao bachome nyumba. Ye iko na batoto bane. Juzi nilibaacha bote bane ku shamba, banalima. Nilifikiri ni Mungu alibahurumia."