Meno ya Harusi ya Bibi Ludivine

...hapana, "maskini bibi yangu" haifai, na "bibi yangu mnyonge" ndiyo mbaya zaidi, akilisikia neno hilo atamkung'uta Aline kwa mwiko, na mwiko anao mkononi sasa hivi, yuko pale jikoni, mlango uko wazi, anamimina rojo la ploye kwenye kikaango cha chuma, chapati zile za njano zisizogeuzwa, zinaiva upande mmoja tu na juu zinajaa vitundu, na Aline yuko mezani mbele ya kompyuta na sentensi yake ya kwanza, Bibi yangu alikuwa na miaka kumi na minane alipong'olewa meno yote, sentensi ya kumkamata mtu shati, alivyosema bwana Farnham, yule mshauri wa chuo, Aline, mwaka jana shule zote za udaktari wa meno zilikukataa kwa sababu ulijieleza kama mtu anayeomba leseni ya gari, hawa watu wanasoma insha hizi mpaka macho yanawatoka, wape kidonda, kidonda hawakisahau... haya, kidonda ndicho hiki, amekipanga kichwani kifuate sentensi hiyo, bibi aliyelia, bibi aliyeziba mdomo kwa kiganja maisha yake yote, bibi asiyecheka kwenye picha, na papo hapo kicheko kinapasuka jikoni mpaka vijiko vinalia, ni bibi huyo huyo, kinywa wazi, meno meupe kama sahani mpya, anamcheka mdogo wake Odile aliyekuja kunywa chai na hataki kuondoka, "Wewe ulinionea wivu, Odile, kubali kabla hatujakuzika," "Wivu wa nini, wa plastiki?" "Plastiki ndiyo, baba aliuza ndama niipate, wewe ulipewa blanketi," "Na blanketi ninalo mpaka leo!" "Na mimi meno ninayo mpaka leo," "Mwongo mkubwa, hayo ni ya tatu, ya kwanza uliyadondosha kwenye pipa la viazi!" na wote wawili wanakohoa kwa kucheka, na Aline anayarudia kichwani yale ya kufuata, bibi asiyecheka, huu ni uongo, Aline, uongo mtupu, umemchukua mtu mzima na kicheko chake ukamfanya ombaomba wa mlangoni kwa wageni... lakini si uongo wote, meno yaling'olewa kweli, hapa bondeni mtoni siku hizo ilikuwa heshima, binti akiolewa baba yake anamng'olesha mdomo mzima, mabovu na mazima, anamwekea mapya ya bandia, ili mume asije akapata gharama wala kilio cha jino usiku, binti anaingia kwa mumewe na sanduku lake na shuka zake na kinywa kisicho na deni, na baba anatembea kanisani kifua mbele, nani wa kumlaumu, aliuza ndama wake mzee yule, alitoa alichokuwa nacho... "Aline, ile ya kwanza imeiva!" "Nakuja, bibi," hasogei, kile kijistari cha kompyuta kinawaka na kuzima mwishoni mwa sentensi, kinawaka na kuzima, siku zimekwisha, leo insha isipotumwa ni mwaka mwingine tena wa kupokea wagonjwa pale kaunta ya kliniki ya meno, samahani mama, daktari hana nafasi mpaka masika, samahani baba, jaribu kule mjini, mwendo wa nusu siku kwenye theluji na shavu limevimba kama mkate, na mama yake atasema kwa upole, upole ule unaoumiza, kiwanda cha chipsi wanatafuta watu, mwanangu... wape kidonda, na kidonda kiko wapi kama mwenyewe anacheka, ila kulikuwa na lile tufaha, kwa nini anakumbuka tufaha sasa, msimu wa viazi, shule zimefungwa watoto wakavune, Aline mdogo amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, mikono myeusi kwa udongo, anang'ata tufaha kutoka mti wa ukingoni mwa shamba, na bibi amesimama na la kwake, la kwake amelikata vipande vyembamba kwa kisu kama kawaida yake, ameacha kula, anamtazama Aline mdomoni, "Ng'ata tena," "Kwa nini, bibi?" "Ng'ata tu, kwa nguvu, nisikie," na Aline akang'ata, kraa, na bibi akafumba macho kidogo, kisha akasema haya, viazi havijiokoti... hakulia siku ile, hakuziba mdomo, alisikiliza tu, na hili Aline hajawahi kumwambia mtu, hata Farnham... na jikoni vicheko vimetulia, Odile anapuliza chai yake, "Lakini Ludivine, kweli hukulia siku ile?" "Kwa nini nilie, nilikuwa bibi harusi," mwiko unakwaruza kikaango, "daktari Gagnier ndiye alikuwa na maneno, kila jino analotoa analisifia, ah Ludivine, meno mazuri haya, hata tundu moja hakuna, mazuri kweli, anasifia huku anang'oa," "Na asimwambie baba kitu?" "Aseme nini? Baba alikuwa ameshalipa," na rojo linalia tsss kwenye chuma, na vidole vya Aline vimeganda juu ya vitufe, alijua, yule daktari alijua, baba hakujua, baba alikuwa mkulima na ndama wake na mapenzi yake, bibi hakujua, alikuwa msichana anayeolewa, mwenye vyeti ukutani ndiye aliyejua, aliyatazama mazima akayasifu akayatoa, kwa hiyo kidonda si cha bibi peke yake, kidonda ni chenu pia, mabwana na mabibi mnaosoma insha hizi, koleo lilikuwa mkononi mwa mmoja wenu, na mimi naomba mnifundishe kulishika koleo hilo hilo... Farnham atashika kichwa, usiwatukane wenye nyumba, Aline, unagonga mlango wao halafu unawatukana, watakukataa tena, na huenda watakataa, basi wakatae, wakatae hilo na si uongo, maana siku moja mtu atakaa kwenye kiti cha daktari Aline kinywa wazi, na baba yake kando ameshalipa, naye Aline atachungulia aone mazima, na hapo ndipo atajulikana ni nani, si penginepo... "Wewe Aline, zinapoa! Au shule hizo zinataka mwenye njaa?" "Mwache, Ludivine, msomi anafikiri," "Afikiri na tumbo tupu? Ndiyo maana mwaka jana walimkataa!" na wanaanza tena kucheka, na Aline naye anacheka, peke yake, bila kuziba mdomo, "Nakuja, bibi, nakuja," na haendi bado, hajafuta kitu, hajaongeza kitu, sentensi ni ile ile, na kijistari kile kile kinawaka na kuzima mwisho wake kikingoja, ila sasa anajua inayofuata, ulimi wake unapita polepole nyuma ya meno yake, moja moja, yote yapo, Yalikuwa mazima, na aliyeyang'oa alijua.