Kicheko cha Saa Nne

Saa ya lanchi, nje ya geti la shamba la maua huko Kamere, Wanjugu wa utafiti alimkuta Nekoye akila githeri, akamfungulia maswali kwenye simu. Yalihusu tabia za mtoto wiki iliyopita. Majibu ya kuchagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara.

"Mama Wasike, mtoto akichezewa, amecheka mara ngapi?"

Likizo ya uzazi iliisha Wasike kabla hajajua kucheka. Sasa msimu wa Valentaini hata Jumapili ni kazi. Nekoye humwacha amelala, humkuta amelala. Mchana mtoto hushinda kwa Mama Truphosa, jirani anayelea watoto wa wafanyakazi. Lakini jibu alikuwa nalo.

"Mara nyingi. Jumanne tulitupa ndoo nzima."

Wanjugu akauliza ndoo ya nini, akaelezwa. Wasike akicheka, kwa kawaida kama saa nne, mawaridi ya laini ya mamake, safu anayoitunza kule shambani, huchanua papo hapo, na waridi lililochanua halipandi ndege kwenda kuuzwa ng'ambo. Wanjugu akasema sawa, akabonyeza.

"Na kulia?"

"Kulia sijui. Akilia maua hayasemi."

Jamani, ilimuuma. Mwanamke aliyezaa kwa uchungu anasoma kicheko cha mwanawe kwenye maua! Hata hivyo yakianza kuchanua aliyainamia, akatabasamu peke yake mpaka wenzake wakamtania kwamba ana mpenzi.

Supavaiza Kosgei hakutabasamu. Hasara ni hasara, iwe ya wadudu, iwe ya kicheko.

"Nekoye, ambia huyo mama anayemlea asimchekeshe saa za kazi. Ikiendelea, mimi sitaweza kukutetea."

"Boss, nipe ofu ya siku moja tu. Nimsikie mara moja, kisha nimwambie."

"Valentaini haina ofu," Kosgei akasema, akitazama viatu vyake. Naye alikuwa na mtoto Rongai.

Basi Nekoye akamwambia mlezi. Mama Truphosa alisikitika, lakini mnyonge hana haki, na kazi ikipotea hata pesa za kulea zingepotea. Akaacha kumrusha mtoto, akaacha kumpulizia tumbo, akawa anamlaza akitazama ukuta. Mawaridi yakafumba vizuri. Kosgei akasifiwa mkutanoni.

Msimu ulipoisha, Nekoye akapata Jumapili yake. Wanjugu aliporudi kuuliza tena, alimkuta mlangoni na mtoto mapajani, akimpulizia tumbo. Wasike alimtazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

"Akichezewa, amecheka mara ngapi?"

"Kamwe."

"Ama hakuchezewa? Hiyo pia ina jibu lake."

"Nimemchezea tangu asubuhi," Nekoye akasema. "Andika kamwe."

Wanjugu akaandika. Simu ikajumlisha alama za utulivu, akaisoma, akafurahi kwa moyo wake wote.

"Hongera, Mama Wasike. Una mtoto mtulivu kuliko wote hapa Kamere."