Bahasha za Bi. Lathom

Kila Alhamisi Enoch Sugden alinyoa ndevu kabla tarishi wa posta hajafika, na hilo ndilo lililomchoma roho mkewe. Mzee wa miaka sitini na sita, mstaafu wa reli, kanisani anakwenda na vindevu vimesimama, lakini kwa barua ya mwanamke wa Leeds anajikwangua mpaka kidevu kinang'aa! Haya si mambo ya kunyamaziwa, na Hilda hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Bi mdogo kaandika," akasema, akiitupa bahasha ya buluu kando ya kikombe.

"Acha hizo, Hilda. Ni kazi ya kamusi."

"Kazi! Mbona ukija kula na mimi hunyoi?"

Kazi yenyewe ilikuwa kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, take, yaani kuchukua, ambacho hata mtoto wa miaka miwili anakijua. Lakini Waingereza hukitumia kwa kila kitu: kwa chai wanapoinywa, kwa treni wanapoipanda, kwa picha wanapoipiga, kwa mke wanapomwoa. Huu ulikuwa mwaka wa pili Enoch akiyawinda matumizi yake magazetini na hata kwenye matangazo ya sabuni. Kila sentensi aliinakili kwenye kikaratasi, akaituma kwa posta kwa mhariri wa kamusi, Bi. Prudence Lathom. Makopo matatu ya biskuti ya Hilda yalijaa vikaratasi, na yeye mwenyewe hajaambiwa neno tamu tangu vita ya kwanza.

Alhamisi hiyo Enoch alipotoka kwenda kupalilia vitunguu vyake, Hilda akaisoma barua. Ndiyo, aliisoma. Wewe ungeiacha?

"Mpendwa Bwana Sugden," aliandika yule mwanamke, "sentensi uliyonitumia tarehe kumi na mbili nimeisoma mpaka nimeikariri. Naomba uniletee barua yenyewe niione kwa macho yangu."

Barua gani tena? Nyumba nzima ilikuwa na barua za aina moja tu. Akapanda ngazi mbio, akavuta droo ya chini ya kabati, mlimokaa barua alizomwandikia Enoch wakiwa wachumba, yeye Enoch akiwa kazini Carlisle. Utepe ulikuwa umefungwa upya, kwa fundo ambalo si lake. Barua ya Mei 1911 ilikuwa juu, na mstari mmoja umepigiwa penseli: "Kijiti cha waridi la mama yako kimeshika." Maana mche ukishika mizizi, Waingereza husema kwa kitenzi kilekile.

Hilda akakaa kitandani. Maneno yake ya uchumba, leo yanakaririwa na mwanamke mwingine! Na kati ya mistari yote, kachagua ule. Mungu wangu, ule!

Ijumaa alimwambia Enoch anakwenda Leeds kwa daktari wa meno, akaitia barua ile ya Mei mkobani. Njia nzima kwenye treni alikuwa akipanga matusi, akiyapima lipi litangulie.

Kwenye anwani ya bahasha alitarajia midomo myekundu na marashi. Alichokikuta ni kibibi cha rika lake, sweta limetoboka viwiko, kimezungukwa na mafurushi ya vikaratasi mpaka dirishani.

"Mimi ni Bibi Sugden. Unamtakia nini mume wangu?"

"Mumeo? Simjui hata sura," Bi. Lathom akashangaa. "Barua ndiyo ninayoitaka. Hapa hatuchapishi sentensi bila kuona maandishi ya asili. Matumizi hayo ninayo kutoka vitabu vya bustani. Ya mtu wa kawaida akimwandikia mtu wake, ninayo hiyo yako tu."

"Na kuikariri je? Hiyo nayo ni kazi?"

Bi. Lathom akawa mwekundu. "Huo ni wivu wangu, Bibi Sugden. Vikaratasi elfu arobaini vimepita mikononi mwangu. Nimesoma watu wakioana, wakishikana mikono, wakipendana ghafla, yote kwa neno hili hili. Mimi mwenyewe nimelitumia kwa treni na vidonge vya kichwa."

Hilda akayaacha matusi yake, akafungua mkoba. Akaiweka barua mezani, lakini hakuiachia.

"Usiuchapishe. Mstari huo ni uongo."

"Hukuiandika wewe?"

"Niliiandika. Waridi ndilo lililokufa. Mama yake Enoch alifariki Januari ile. Enoch akakata kijiti bustanini mwake kabla nyumba haijarudishwa kwa mwenyewe, akaniachia mimi nikitunze. Nikakimwagilia maji mpaka kikaoza. Nikanunua kingine sokoni Halifax. Miaka arobaini anaupogoa mwaridi ule kila Machi, na anausemesha kama mama yake. Ukichapisha, uongo wangu utakaa humo milele."

Bi. Lathom akatazama tarehe, akatazama sahihi, akaandika alama kwenye kikaratasi. "Kamusi inauliza kama uliandika. Haiulizi kama kilishika. Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

Wakatazamana. Kicheko kikawashika wote wawili, mpaka Bi. Lathom akalazimika kwenda kuweka birika jikoni.

Alhamisi iliyofuata Enoch alinyoa, akalowesha na nywele. Akaipokea bahasha ya buluu mlangoni, akaigeuza mara mbili.

"Hii ni yako," akasema.

Hilda akaisoma amesimama, akafika palipoulizwa hali ya mwaridi wa Halifax, akacheka peke yake, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Kasemaje?"

"Mambo ya wanawake."

"Lakini ananiandikia mimi! Miaka miwili ananiandikia mimi!"

"Kunywa chai, inapoa."

Hakuinywa. Akachukua mkasi, akatoka nje akiubamiza mlango. Hee, Hilda alivyofurahi! Na yeye auonje wivu, alisema moyoni, akasogea dirishani kumtazama.

Enoch alikuwa amesimama mbele ya mwaridi, mkasi unaning'inia mkononi, midomo ikichezacheza. Alikuwa anamshtaki mkewe kwa mama yake.

Kicheko kikamwisha Hilda. Akafungua mlango wa jiko la makaa, akaitia barua motoni kabla mumewe hajageuka.