Shemeji Aliyesoma Dua

Makofi ndiyo yaliyotangulia. Yalipenya mlango wa bati, yakamkuta mkurugenzi kwenye korido, amesimama kama mtoto aliyetolewa darasani. Alijitoa mwenyewe. Karakana yao ilitengeneza vitanda vya hospitali, na tangu akabidhiwe uongozi alikuwa akihubiri kwamba itaendeshwa kwa shura, yaani mashauriano kama dini inavyoagiza: mkaguzi mpya wa kazi za kuchomelea watamchagua mafundi wenyewe, yeye asiwepo hata kukohoa.

Aliingia akitabasamu. Moyoni alishamwona Mama Cheche, fundi anayejua kiungo kibovu kwa kukipapasa tu, akipokea kazi.

"Tumekubaliana sote," alisema mtunza stoo. "Shemeji yako."

Tabasamu likamganda. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa muuzaji wa vitanda vya karakana. Maneno anayo, lakini hajawahi kushika hata koleo. Mwenyewe alikuwa ameduwaa pale katikati yao kama bwana harusi aliyepelekwa nyumba siyo.

"Kwa nini yeye?"

"Bosi, usituzungushe. Si wewe uliyempa dua ya kufungua kikao, kisha ukatoka? Tukasema, haya, mzee ameshatuonyesha."

"Nilimpa kwa sababu ana sauti nzuri."

"Basi tumechagua sauti," alisema Mama Cheche, akikunja glavu zake. "Kitanda kikikatika, mgonjwa atasomewa."

Wakacheka, isipokuwa wawili: bosi na shemeji yake.

Mkurugenzi akaketi. Akiutengua uamuzi, shura yake itakuwa maigizo. Akiuacha, amana ataiweka mikononi mwa asiyeiweza, na mguu wa kitanda ukiachia, mgonjwa hatauliza kikao kilikwendaje. Kila alikogeukia aliiona dini ikimkodolea macho.

"Mimi sikuomba," shemeji alinong'ona. "Lakini ukininyang'anya mbele za watu, dada yangu utamwambia nini?"

"Sijui. Nilidhani kutoka nje kunatosha."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza mtunza stoo. "Tuchague tena, au tukusubiri utuambie tumchague nani?"

Hilo nalo likamchanganya zaidi. Akainuka, akamgeukia Mama Cheche, maana wengine walikuwa wanatazama sakafu.

"Mama, kesho kila anayeitaka kazi hii achomelee kitanda mbele yenu, ndipo mchague, kwa kura ya siri. Kama nafanya sawa, sijui. Lakini nakuahidi, hawa wakisikia: mtakayemchagua, awe wewe, awe huyu, kitanda cha kwanza atakachokipitisha nitakilalia mimi, kabla ya mgonjwa yeyote."