Sauti ya Fundi Bomba

Kesho yake madaktari wangekata kisanduku cha sauti cha mume wangu, pamoja na saratani iliyokuwa imekikalia. Hakuwahi kupenda kurekodiwa maishani mwake, lakini jioni ile alikubali aimbe nimrekodi kwa simu, ili kitindamimba wetu, aliyekuwa bado ananyonya, akue akiijua sauti ya baba yake.

Shirika lake la visima likatuwahi pale hospitalini.

"Saa moja tu, shemeji," alisema dada wa kitengo cha maarifa, kinasa sauti mkononi. Alinieleza kwamba kila mtaalamu akiondoka huondoka na anayoyajua, na wafadhili wamechoka kulipia makosa yale yale. Sikumbishia. Mume wangu, Fundi Bomba kama walivyomwita kazini, ndiye aliyejua kwa nini visima vya shirika vilikuwa vikikauka.

Mtoto akalia.

"Samahani, shemeji, kelele zitaingia."

Nikatolewa nje, mimi mke wa mtu, tena kwa adabu zote! Nikakaa koridoni nikimbembeleza mwanangu. Saa moja ikazaa nyingine.

Waliponifungulia, mume wangu alikuwa amelowa jasho na sauti imekwisha kabisa. Nilitamani kumrarua yule dada.

"Usikasirike, mama watoto," alininong'oneza. "Mwishoni nimemwimbia mtoto. Nimemwambia na mengine. Yamo humo humo."

"Kila kitu tutakihifadhi, shemeji," dada aliniapia.

Mume wangu hakuamka baada ya upasuaji.

Nilipopata nguvu za kutoka nje, nilikwenda ofisini na mtoto mgongoni. Dada alinipokea kwa pole nyingi na chai, kisha akanigeuzia kompyuta nione. Ulikuwa ukurasa mmoja, una marangi na picha ya kisima. Ushirikishwaji wa jamii ni muhimu. Matengenezo yapangwe mapema. Basi! Hata mimi nisiyejua bomba ningewaandikia hayo.

"Sauti yenyewe iko wapi?"

"Tukishaandika muhtasari huwa tunaifuta, shemeji. Ndio utaratibu wetu. Zinajaza kompyuta."

"Na aliyomwambia mtoto je?"

Dada alishuka hadi chini ya ukurasa, akanionyesha mstari wa maandishi madogo: "Dakika za mwisho hazihusu mada."

Mtoto akaanza kulia. Safari hii hakuna aliyesema kelele zitaingia.