Udongo wa Nyuma ya Jiko

Pale maabara wananiita Chekecheke, kwa sababu kazi yangu ni kuchekecha udongo, kuupima na kuwaambia wakulima waweke mbolea gani. Tangu tumzike mama nimechekecha udongo wa watu wengi, na sijadondosha chozi. Ndugu wanasema nina roho ngumu. Sina roho ngumu. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Baba aliniletea mfuko wa udongo wa shamba lake mwenyewe. Mahindi yake yalikuwa yamedumaa misimu miwili mfululizo, na kaka alikwisha kumwandalia chumba mjini ili shamba likodishwe.

"Pima," baba aliniambia. "Udongo ukiwa mgonjwa, nitautibu. Ukiwa mzima, basi mbovu ni mimi. Nitahamia kwa kaka yako, na sitaki mtu anibembeleze."

Nikapima. Ukatoka mzima, tena mzima wa kujivunia: uchachu hamna, chokaa hauhitaji, potasiamu imepita kiasi. Kwa majibu hayo baba alikuwa wa kufunga virago. Nilingoja niumie. Wapi.

Ila majibu yenyewe yalinikera. Shamba letu ni chachu tangu nikiwa mtoto, hata magugu yake ni yale yanayopenda uchachu, na udongo hauponi wenyewe. Potasiamu ya namna ile nimeiona penye jivu tu. Jumamosi nikaenda nyumbani.

"Baba, ulichimba wapi?"

Akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye pembe ya shamba ambako mahindi machache yalisimama yamestawi.

"Hapa tu?"

"Hapa tu. Mgeni akija utamkaribisha kwenye vyombo vichafu? Nilichagua palipo pazuri, nisikuaibishe kazini."

Nilitaka kucheka, nikachoka kabla sijacheka. Pale ndipo mama alipomwaga jivu kila asubuhi, miaka yote ya ndoa yake. Baba ni mtu wa kuletewa chai mezani. Hakuwahi kujiuliza jivu linakwenda wapi.

"Umenipimisha jivu la mama," nikamwambia.

Alikwenda kuleta ndoo. Tukapita shamba zima kwa mwendo wa mlevi, tukichota huku kidogo, kule kidogo, tukachanganya. Pembe ile tukairuka.

Majibu ya pili yalikuwa mabaya kama nilivyotarajia. Nikampigia simu kutoka kazini. Uchachu ni mkali, nikamwambia, ndiyo maana mbolea uliyoweka haikuyafaa mahindi. Anza na chokaa, mbolea ifuate.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, baba."

"Mwambie kaka yako hicho chumba akipangishe." Kisha akauliza, "Na ule udongo wa kwanza, uko wapi?"

"Tukishapima huwa tunautupa."

"Umeutupa?"

Nikatazama rafu. Asubuhi ile nilikuwa nimesafisha, na mfuko wake niliumwaga pamoja na mingine, mkono mmoja, huku nikizungumza na mwenzangu habari za mvua. Pipa lilikwisha kuchukuliwa.

"Nimeutupa, baba," nikasema. Sauti ikanikatikia hapo hapo, nikakaa sakafuni na koti langu la kazi, nikalia mpaka mwenzangu akafunga mlango.

Baba alingoja kwenye simu.

"Basi, mwanangu," akasema. "Huku upo mwingi."