Kinga ya Msumeno

Jumatatu saa mbili asubuhi mchora vibao alipanda ngazi, akafuta neno "Mamlaka" kwenye kibao cha chuo cha ufundi, akaandika "Wakala". Maneno mengine aliyaacha, rangi isiishe bure. Nyuma ya kibao yalibaki majengo yale yale na meza zile zile. Karakana ya useremala ilibaki na msumeno ule ule wa umeme, ambao haujawahi kuwa na kinga.

Sheria mpya, iliyovunja Mamlaka na kuunda Wakala, ilikuwa na kifungu cha kumi na tisa: mtumishi yeyote aliyetenda jambo, au aliyeacha kulitenda, kwa nia njema, ana kinga. Kilianza kazi asubuhi hiyo hiyo. Mkurugenzi, aliyehamia Wakala pamoja na kiti chake, aliposhuka garini mvua ilikuwa ikinyesha, nayo ikampisha. Matone yalianguka shibiri moja kutoka mwilini mwake pande zote. Mlinzi akafunga mwavuli aliomletea.

"Bosi, leo umeninyang'anya kazi."

Saa nne chai ilimmwagikia mapajani, ikayakwepa, ikaishia sakafuni. Karani wake alisema kifungu kimeandikwa vizuri, akasogeza kiti karibu naye, maana dari ilikuwa inavuja.

Saa tano mwanamke mmoja, Fundi wa useremala, aliingia na tarishi wa mahakama. Alipokuwa mwanafunzi hapo, mwaka juzi, mama huyu aliandika barua tatu kuomba kinga ya msumeno. Kila moja ilirudi na neno la Mkurugenzi pembeni: "Subirini." Yeye alisubiri, msumeno haukusubiri. Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole vitatu. Sasa alitaka Mkurugenzi asimame mbele ya hakimu, aulizwe maana ya "subirini". Hati ya wito ilipaswa kumfikia mkononi kabla ya saa sita, la sivyo shauri lingefutwa.

Tarishi akanyoosha hati. Ikakata kona, ikampita Mkurugenzi, ikatua juu ya kabati. Akajaribu kutokea kushoto, ikatua dirishani. Mara ya saba shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Dada, huyu hashikiki."

"Mchomekee kwenye tai."

"Tai nayo ni mtumishi."

Mkurugenzi mwenyewe akatoa mkono. "Lete tu, mama. Mimi sina ubaya na mtu." Hati ikarudi nyuma. Alisikitika, kwa nia njema.

Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika kumi. "Basi twende karakana, mzee," Fundi alisema. "Ukaushike msumeno. Kinga niliomba mimi, acha niione."

Mkurugenzi akaweka kiganja kwenye meno yanayozunguka. Msumeno ukajipinda pembeni kama ulimi unaokwepa jino bovu, ukakata hewa. Wanafunzi wapya walisogea. Afisa wa Wakala, aliyekuja kukagua vifaa, akaandika daftarini: "Umejaribiwa na mtumishi mwandamizi. Ni salama."

Saa sita ikagonga. Tarishi akakunja hati, nayo sasa ikakubali kukunjwa.

"Nani anaanza?" mwalimu aliuliza.

Mwanamke wa mstari wa mbele akapandisha mikono ya blauzi, akachukua ubao. Fundi akamshika kiwiko.

"Mwenzangu, waandikie kwanza."

"Nimewaandikia asubuhi."

"Wamekujibu?"

"Neno moja tu," alisema, akausogeza ubao kwenye meno.